Pamba Husokotwa Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matumizi ya Pamba Viwandani

Nilifundisha historia shule ya sekondari kwa miaka mingi, kisha nikarudi kukaa katika duka la nguo la familia yetu hapa Usita wa Mui, Lamu. Kwa hivyo maswali hunijia kwa milango kadhaa. Wanafunzi huja na Mapinduzi ya Viwanda ya kwenye mtihani. Wateja huuliza mbona leso za siku hizi ni nyepesi na hazinywi maji. Wakulima wa Hindi na Mpeketoni, huko bara ya kaunti yetu ya Lamu, wakivuka kuja mjini huniuliza pamba yao ikishapanda lori yaenda wapi. Nilichukua muda kugundua kwamba wote wananiuliza jambo moja: pamba husokotwa wapi, na imefikaje huko? Majibu nimeyaweka hapa, mengine marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

"Matumizi ya pamba viwandani" maana yake ni nini hasa?

Ni kiasi cha pamba iliyokwisha kutolewa mbegu ambacho viwanda vya nyuzi vimekisokota kuwa uzi katika mwaka mmoja. Hakihesabiwi kilicholimwa, wala nguo zilizovaliwa. Kinachohesabiwa ni kile kilichoingia kwenye mashine ya kusokota.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Mtu akisoma kwamba Bangladesh inatumia zaidi ya tani milioni 1.7 za pamba kwa mwaka, hudhani watu wake wanavaa kupita kiasi. Sivyo. Bangladesh yenyewe hulima pamba kidogo mno. Hununua marobota kutoka nje, husokota uzi, hufuma, hushona fulana, na fulana hupanda meli kwenda Ulaya na Marekani. Kwa hesabu hii pamba hiyo "imetumika" Bangladesh, hata kama atakayeivaa yuko Chicago.

Sisi tuko kinyume chake. Lamu mtoto hupokewa kwa leso na maiti husitiriwa kwa bafta, na katikati ya hizo mbili kuna kikoi, kanzu na shuka. Juu ya hayo, bara ya kaunti yetu inalima pamba. Lakini kwa hesabu ya viwandani Lamu ni sufuri, maana hatuna kiwanda hata kimoja cha nyuzi. Tunashika mwanzo wa pamba na mwisho wake. Katikati hatumo.

Hesabu hizo hupatikanaje?

Kama mwenye duka anavyofunga mahesabu. Unachukua akiba ya mwanzo wa mwaka, unaongeza mavuno na kilichoingizwa kutoka nje, unatoa kilichosafirishwa na akiba iliyobaki mwishoni. Kinachosalia kimesokotwa, au kimepotea. Mwaka wa pamba huanza tarehe 1 Agosti na kuisha 31 Julai, ndiyo maana utaona imeandikwa 2019/20. Wanaokusanya hesabu za dunia nzima ni hasa Kamati ya Kimataifa ya Ushauri wa Pamba, iliyoanza mwaka 1939, na Wizara ya Kilimo ya Marekani.

Angalia vipimo. Robota la takwimu za Marekani ni ratili 480, yaani karibu kilo 218. Robota la India ni kilo 170, na la Kenya kilo 185. Nimesahihisha insha nyingi ambazo mwanafunzi alilinganisha marobota ya nchi mbili bila kutazama uzito.

Mwalimu, ni kweli pwani yetu iliwahi kufuma nguo zake wenyewe?

Ni kweli, tena kwa karne nyingi. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa pale zilisafirishwa mpaka Misri. Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vidogo vya udongo vyenye tundu katikati. Asiyejua angevitupa pamoja na vigae. Kumbe ni uzito wa kijiti cha kusokotea: unapachika kijiti tunduni, unafunga ncha ya pamba, unakizungusha kama pia, na ule uzito hukifanya kiendelee kuzunguka huku vidole vikivuta pamba polepole mpaka iwe uzi. Huku kwetu Pate nayo ilijulikana kwa nguo zake za hariri, na Wareno walizitaja.

Hatukuwa kisiwa peke yetu, lakini. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamekwisha kuzoea bandari ile, na nguo za Gujarat zilikuwa bidhaa yao kubwa. Kuna habari moja niipendayo sana, iliyoandikwa na Mreno Duarte Barbosa mwanzoni mwa karne ya 16. Anasema wafumaji wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walikuwa na pamba yao nyeupe lakini hawakujua kuitia rangi, basi walinunua nguo za buluu kutoka Cambay ya Gujarat, wakazifumua uzi mmoja mmoja, wakauchanganya na uzi wao na kufuma nguo mpya. Huyo ni fundi aliyeshika katikati ya pamba kwa mikono yake. Alinunua nguo ya mgeni ili apate uzi, na nguo akaifuma mwenyewe.

Uingereza hailimi pamba. Iliwezaje kuwa kiwanda cha dunia?

Jibu la mtihani ni mashine. Hargreaves alitengeneza mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa wakati mmoja katika miaka ya 1760, Arkwright akasajili ile ya kuendeshwa kwa maji mwaka 1769, na Crompton akaunganisha njia zote mbili mwaka 1779. Ni sahihi, lakini nusu.

Kabla ya mashine kulikuwa na sheria. Waingereza walizipenda mno nguo za pamba za India, na wafumaji wa sufu na hariri wakalalamika mpaka Bunge likazuia vitambaa vya India vilivyopigwa chapa, mwaka 1700 kisha tena 1721. Kiwanda chao kilikulia ndani ya ua huo.

Na baada ya mashine kulikuwa na watumwa. Mashine ile ililia njaa ya pamba, na pamba ya kusini mwa Marekani ilikuwa na tatizo moja: mbegu zake hung'ang'ania. Mwaka jana mkulima mmoja wa Hindi aliniletea kikapu cha pamba mbichi, nikawaweka wajukuu watatu kibarazani waichambue kwa vidole. Walianza baada ya sala ya alasiri, na magharibi ilipoingia hawakuwa wametimiza robo kilo. Eli Whitney alipotengeneza mashine yake ya kuchambulia mwaka 1793, kazi ya siku nzima ya mtu mmoja ikawa kazi ya dakika chache. Ungedhani wachumaji wangepumzika. Kilichotokea ni kwamba mashamba yalipanuka kuelekea magharibi, na watu wakauzwa kwenda kuyalima. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4.

Tazama sasa tarakimu za Uingereza. Mwaka 1760 iliingiza karibu ratili milioni 2 na nusu za pamba. Mwaka 1800 zilikuwa milioni 50 na ushei. Mwaka 1860 zilipita bilioni 1, na zaidi ya robo tatu zilitoka Marekani. 

Neno "merikani" ndilo hilo hilo Marekani?

Ndilo. Ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, chenye rangi ya maziwa yaliyoganda, kutoka viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walianza kuja Unguja katika miaka ya 1820, Sayyid Said akatia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wao akafika. Walichukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Waliacha merikani.

Kilishinda kwa nini? Kwa sababu kilikuwa cha kweli. Nguo za Kiingereza zilizojaribu kukiiga mara nyingi zilijazwa wanga ili zionekane nzito, na mfuo wa kwanza ukafichua yaliyomo. Merikani ilifuliwa na kufuliwa na ikabaki merikani. Ikawa fedha: misafara ya bara ilihesabu malipo kwa shuka ya mikono 4, doti ya mikono 8 na gora la yadi 30 hivi. Neno doti ninalolitamka dukani kila siku limepita njia hiyo. Huku Lamu mabaharia waliishonea matanga.

Wanafunzi wangu siku zote niliwataka waushike ukweli huu bila kuupaka asali. Pamba ile ilichumwa na watumwa Marekani, ikafumwa na wasichana wa viwandani Massachusetts, ikaletwa Unguja, na sehemu yake ikaenda bara kununulia watu wengine. Kitambaa kimoja kilifunga bahari mbili.

Na wafumaji wetu? Kijiti cha kusokotea hakiwezi kupambana na chumba chenye mamia ya mashine. Kwanza ulikufa usokotaji, maana uzi wa kiwandani ulikuwa rahisi kuliko kusokota mwenyewe. Ufumaji ulichelewa kufa, na pwani ya Benadir, Somalia, uliendelea mpaka karne ya 20 kwa uzi wa kununua. Ndivyo ilivyokwenda kila mahali: uzi ndio unaohama kwanza, nguo hufuata.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilibadilisha nini?

Vilionyesha hatari ya kutegemea shamba moja. Kati ya 1861 na 1865 bandari za kusini zilizingirwa, bei ya pamba Liverpool ikapanda kupita mara tatu, na viwanda vya Lancashire, jimbo la Uingereza lililojaa viwanda vya pamba, vikafungwa au vikafanya kazi siku chache kwa wiki. Katika baridi ya 1862 karibu watu nusu milioni waliishi kwa msaada. Wengi wao, pamoja na njaa, waliunga mkono upande uliopinga utumwa, na Rais Lincoln aliwaandikia wafanyakazi wa Manchester mwezi wa Januari 1863 kuwashukuru.

India na Misri zikajaza pengo. Huku kwetu merikani ikaadimika, bei ikaruka, na nguo za Kiingereza na za Bombay zikaingia mlangoni. Bombay ilikuwa imeanzisha kiwanda chake cha kwanza cha nyuzi mwaka 1854, cha Cowasji Nanabhai Davar. Jina merikani likabaki, hata pale kitambaa kilipokuwa kimetoka kwingine kabisa.

Je, Malindi iliingiaje katika habari hii?

Kupitia hofu ya Lancashire. Viwanda vyake havikutaka kunaswa tena, na mwaka 1902 kukaundwa Chama cha Waingereza cha Kukuza Pamba, kazi yake kutafuta ardhi ya pamba ndani ya himaya. Mwaka 1903 mbegu ziligawiwa Uganda, reli ilikuwa imefika Kisumu miaka miwili kabla, na pamba ikawa zao kuu la Uganda kwa miongo mingi. Pwani nayo haikuachwa. Malindi ilipandwa pamba, na jineri, kile kiwanda cha kutenganisha mbegu na nyuzi, ikafuata.

Lakini mashamba ya pwani yalihitaji mikono, na serikali ya kikoloni iliitafuta mikono hiyo kwa Wagiriama. Msimamo wa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama, mwaka 1913 na 1914 ulikuwa pia msimamo dhidi ya vijana kuchukuliwa kwenda kufanya kazi mashamba ya wengine. Watalii wa Malindi huonyeshwa nguzo ya Vasco da Gama. Laiti wangesimuliwa na habari hii.

Kumbuka jambo moja katika yote haya: mkoloni alijenga jineri, hakujenga kiwanda cha nyuzi. Jineri huifanya pamba iwe nyepesi kusafirisha, na kazi yake huishia hapo. Na ajabu ni kwamba pamba ya Uganda, iliyoanzishwa kwa ajili ya Lancashire, baina ya vita viwili vya dunia ilinunuliwa zaidi na Bombay, na Japani nayo ikanunua.

Uingereza ilianguka lini?

Kilele chake ni 1913: karibu tani milioni 1 za pamba zilisokotwa, na karibu yadi bilioni 7 za kitambaa zikauzwa nje. Vita vya kwanza vikakata njia za meli, na wateja wakajifunza kujitengenezea. India ilikuwa na viwanda vyake na harakati ya swadeshi ya kususia nguo za Kiingereza. Japani, iliyofungua kiwanda kikubwa cha Osaka mwaka 1883, iliendesha mashine usiku na mchana kwa zamu, na mwaka 1933 ikaipita Uingereza katika kuuza nguo za pamba nje. Mwaka 1958 Uingereza iliingiza nguo za pamba nyingi kuliko ilizouza. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuwalipa wenye viwanda ili wavunje mashine zao.

Waliokuwa na maduka hapa mjini wakati huo waliyaona haya kwenye lebo tu. Leso zilizokuja na meli zilibadilika asili: Uingereza, India, Japani, kisha India tena.

Na Marekani yenyewe?

Njia ile ile. Viwanda vilihama kutoka kaskazini kwenda majimbo ya kusini, karibu na mashamba na mishahara ya chini, kisha vikahama nchi. Mwaka 1997 Marekani ilisokota zaidi ya marobota milioni 11. Miaka ya karibuni imeshuka chini ya milioni 2. Inalima bado, inauza nje karibu yote.

Leo pamba husokotwa wapi?

Asia. China inaongoza kwa karibu tani milioni 8 kwa mwaka, India inafuata kwa tani milioni 5 na ziada, kisha Pakistan, Bangladesh, Vietnam na Uturuki. Nirudie tarakimu moja ili izame: Bangladesh peke yake leo inasokota pamba nyingi kuliko Uingereza yote ilipokuwa kileleni 1913.

Sababu zake ni tatu zilizofungamana. Mishahara ni ya kwanza, na kila mtu huitaja. Ya pili ni kwamba kiwanda cha uzi hupenda kukaa karibu na kiwanda cha kufuma, na cha kufuma karibu na cha kushona. Ya tatu ni sheria za biashara: tangu 1974 nchi tajiri ziliwekea kila nchi maskini kikomo cha nguo itakazoziuzia, chini ya Mkataba wa Nyuzi, na vikomo vile vilipoondolewa mwanzoni mwa 2005, kazi ilimiminika kule kwenye gharama ndogo.

Matumizi ya dunia yalifika kilele cha karibu tani milioni 27 mwaka 2006/07. Yakaanguka na msukosuko wa fedha wa 2008. Kisha mwezi wa Machi 2011 bei ilipita dola 2 kwa ratili, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu siku za vita vya Marekani. China ikaanza kununua pamba ya wakulima wake kwa bei ya juu na kuijaza maghalani, mpaka ikashika zaidi ya nusu ya akiba ya dunia. Wakulima walifurahi. Viwanda vyake, vilivyolazimika kununua pamba ghali, vikaanza kuagiza uzi uliokwisha kusokotwa kutoka India, Pakistan na Vietnam. Angalia jinsi serikali moja ilivyotaka kumlinda mkulima, na kazi ya kusokota ikavuka mpaka. Mwaka 2019/20 janga la korona lilishusha matumizi tena, na sasa yamekaa karibu tani milioni 25.

Watu wameongezeka. Mbona matumizi hayakuongezeka?

Kwa sababu ya polyester. Iligunduliwa mwaka 1941, na wanakemia Whinfield na Dickson, Uingereza, katika maabara ya chama cha wapiga chapa vitambaa vya pamba. Huzaliwa katika mafuta ya petroli, haingoji mvua, haili viuatilifu, na bei yake hupangwa kiwandani. Katikati ya karne ya 20 pamba ilikuwa zaidi ya theluthi mbili ya nyuzi zote za dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 polyester iliipita. Leo pamba ni karibu sehemu moja ya tano, na inaendelea kushuka.

Gawanya mwenyewe. Mwaka 2007 kila mtu duniani aliangukiwa na karibu kilo 4 za pamba. Leo ni kilo 3 na kidogo. Nguo zimeongezeka kabatini, pamba ndani yake imepungua. Hilo linanisikitisha hasa kwa pwani, kwa joto letu na jasho letu. Polyester mwezi wa Februari ni adhabu.

Kenya ilikuwa na viwanda vya nyuzi. Vilikwenda wapi?

Vilikuwapo Kisumu, Thika, Nanyuki, na Eldoret ambako Rivatex ilianzishwa mwaka 1976. Uzalishaji wa pamba nchini ulifika kilele katikati ya miaka ya 1980. Baada ya hapo mambo yalikuja pamoja kama mawimbi ya kusi. Mkulima alicheleweshewa malipo mpaka akachoka na kung'oa. Soko lilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ikaingia kwa makontena, umeme ukapanda, mashine zikazeeka. Kiwanda kilichokosa pamba hakingeweza kumlipa mkulima, na mkulima asiyelipwa hakupanda pamba.

Sipendi kuitupia mitumba lawama zote. Mama mwenye watoto watano akipata shati la shilingi hamsini hana kosa. Lakini shati lile lilikwisha kuhesabiwa matumizi ya viwandani mahali pengine, zamani, na halimwachii msokotaji wa Kisumu kazi yoyote. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufungwa mashine mpya, ikazinduliwa upya 2019.

Lakini Kenya inauza nguo Marekani tangu AGOA ya 2000, ile sheria ya Marekani iliyofungulia bidhaa za Afrika mlango bila ushuru. Hiyo si pamba?

Ni kushona. Masharti yaliruhusu viwanda vyetu kutumia kitambaa kilichotoka nchi ya tatu, kwa hivyo kitambaa kimekuwa kikija tayari kutoka Asia. Ajira ni za kweli na nazithamini. Ila katika safu ya "pamba iliyosokotwa Kenya" haziongezi hata ratili moja.

Mimi nalima Hindi. Pamba yangu yaenda wapi, na ya Bt ni nzuri?

Inaenda jineri kwanza. Katika kila kilo 3 za pamba uliyochuma, kilo 1 hivi ni nyuzi na karibu 2 ni mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta na mashudu yake hulishwa ng'ombe, kwa hivyo usikubali mtu akuambie mbegu ni taka. Ikiwa bei yako haitilii maanani mbegu, uliza. Nyuzi hufungwa marobota na kununuliwa na viwanda vya bara, au husafirishwa nje.

Mbegu za Bt, yaani zilizobadilishwa vinasaba, ziliidhinishwa na serikali mwishoni mwa 2019. Kazi yake ni kuukinga mmea dhidi ya viwavi wanaotoboa vitumba, na kwa hilo hupunguza kunyunyiza dawa. Hazikingi ukame, wala wadudu wanaofyonza majani. Na zinanunuliwa kila msimu. Fanya hesabu ya mbegu, dawa na vibarua kwa ekari yako kabla ya kuamua, wala usiamue kwa hesabu ya jirani.

Usufi wa kwenye mito ni pamba?

Sio. Usufi ni wa mti wa msufi. Nyuzi zake ni fupi na laini mno, hazisokoteki vizuri, ndiyo maana huishia kwenye mto na godoro.

Pamba ya kalafati inahesabiwa?

Swali hili aliniuliza fundi wa Matondoni, na nililifurahia kuliko yote. Pale jahazi linapojengwa, fundi husokota pamba kwa kiganja juu ya paja, huichovya katika mafuta, kisha huipigilia baina ya mbao kwa patasi butu na nyundo, mlio ambao waliozaliwa karibu na gati wanaujua usingizini. Pamba ile huvimba ikinywa maji na kuziba. Haihesabiwi, kwa sababu haikupita kiwanda cha nyuzi. Lakini ndio usokotaji wa mwisho wa pamba kwa mkono nilioushuhudia katika kisiwa hiki.

Doti moja ya leso ni pamba kiasi gani?

Niliiweka kwenye mizani ya duka: gramu 420 hivi. Sehemu ya kumi na zaidi ya pamba hupotea kama vumbi na nyuzi fupi wakati wa kusokota, kwa hivyo doti moja yataka karibu nusu kilo ya pamba iliyochambuliwa, au kilo 1 na nusu kama ilivyotoka shambani. Robota moja la kilo 218 latoa doti 450 hivi. Mkulima wa Hindi akileta gunia lake dukani kwangu, naweza kumwonyesha rafu gani anaijaza.

Nitajuaje kama leso niliyonunua ni pamba kweli?

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa na mfanyabiashara mmoja wa jumla furushi zima lililoandikwa pamba asilimia mia. Rangi zilimeremeta, majina yake matamu. Uzuri wa mkakasi. Wateja walizirudisha wiki ya pili, wakilalamika kwamba hazikaushi mwili.

Tangu siku hiyo hupima kabla ya kulipa. Chomoa kwenye pindo uzi mmoja wa mtande, ule uendao urefu wa nguo, na mmoja wa mshindio, ule ukatao upana, kila mmoja peke yake, kwa sababu wajanja huchanganya upande mmoja tu. Shika kwa kibanio, washa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka mara moja, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu la kijivu linalopukutika ukiligusa. Polyester hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, hutoa harufu kali ya tamutamu, na ikipoa huacha kidonge cheusi kigumu. Ukiona jivu pamoja na vidonge, ni mchanganyiko. Usikiguse kidonge kabla hakijapoa, kinanata kwenye ngozi.

Kama muuzaji hataki uchomoe uzi, tia tone la maji kwenye kitambaa. Leso mpya yenye wanga itachelewa kidogo kulinywa, kwa hivyo omba kipande kilichofuliwa. Pamba iliyofuliwa hulinywa tone kabla hujamaliza kuhesabu tatu.